Boila Iliyokuwa Chini ya Chumba Chetu

Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimetanguliza macho. Wenzangu wakiwashiwa redio walisikiliza nyimbo. Mimi nilizunguka nyuma kuona anayeimba amekaa wapi. Nimechapwa kwa tabia hiyo, nimesengenywa kwa hiyo, na mpaka leo sijaacha. Kwa hiyo siku tulipopanga chumba Guangzhou, mimi na wifi yangu, jambo lililonishika halikuwa kodi wala choo. Ni mngurumo uliotoka chini ya sakafu. Unanguruma, unanyamaza, unaanza tena.

"Wifi, unasikia?"

"Nasikia."

"Ni nini?"

"Ni kitu cha wenyewe. Kunja nguo zako."

Ndivyo alivyokuwa wifi, mke wa kaka yangu. Fundi cherehani wa Morogoro, maneno machache, mikono haitulii. Akiona uchafu hasemi, anafuta. Akiona uzi unaning'inia kwenye gauni la mtu asiyemjua, anatoa mkasi anaukata, mwenye gauni anabaki kushangaa. Mimi nauliza, yeye anatenda, na biashara yetu ilisimama kwa miguu hiyo miwili.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na Waafrika katika mji ule tulikuwa bado tunajuana kwa sura. Ukikutana na mweusi mwenzako kwenye lifti ya jengo la Tianxiu, penye ofisi zetu wafanyabiashara, mnasalimiana mpaka mnaulizana habari za shangazi. Sisi tulikuwa tumefuata magauni meupe ya watoto wa komunyo ya kwanza. Mpango ulikuwa tuyafikishe nyumbani kabla ya Pasaka, na tulidhani tutamaliza mapema na kuondoka. Kiwanda kikatuzungusha. Mara lasi si yenyewe, mara mikono imeshonwa mifupi, basi tukajikuta Januari imetukuta palepale, na tumbo la wifi limeshaanza kutangulia mbele yake.

Hilo tumbo ndilo lililokuwa linanikosesha raha. Lilikuwa la tatu. Mawili ya kwanza yalitoka, na la pili lilimkalisha wifi kitandani mpaka tukadhani akili yake haitarudi. Kaka alimkataza asisafiri. Wifi akasema magauni hayo bila jicho lake yatakuja mabovu, na kwamba kukaa nyumbani hakukuyasaidia yale mengine. Kaka akanishika mkono pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akaniambia, "Dada, huyu nakukabidhi wewe. Wawili hao." Nikamjibu kwa mzaha, maana ndiyo dawa yangu ya hofu, lakini ndani ya ndege nilikuwa nahesabu pumzi za mwenzangu kila anaposinzia.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kunadi mitumba. Kule kila mwenye duka au mali tulimwita laobani, ndiyo bosi wao, kwa hiyo yeye akawa Mama Laobani. Nyumba yake ya ghorofa nne zamani ilikuwa gesti ya madereva wa malori, na urithi aliobaki nao ni boila ya dizeli kwenye chumba cha chini. Boila ile ilichemsha maji ya kuoga ya nyumba nzima. Majirani zake walichemsha maji kwa birika, yeye alikuwa na bomba la moto kila ghorofa, na alihakikisha unalijua hilo kabla hujaweka begi chini.

Baridi ya Guangzhou haina theluji, lakini inaingia kwenye mifupa kupitia soksi. Nyumba hazina kitu cha kuzipasha joto, nguo hazikauki, shuka unalolalia usiku lina unyevu. Chumba chetu tu ndicho kilikuwa tofauti. Kilikuwa juu ya boila moja kwa moja, na bomba la moshi lilipanda kwenye kona yetu likielekea paani, kwa hiyo ukuta ule ulikuwa na joto zuri la kuegemea. Wapangaji wengine walikionea gere. Wifi alikisogeza kitanda chake mpaka kikagusa ukuta ule, akasema sasa mtoto amepata kwao.

Mwanzoni mwa Desemba fundi wa boila akaja, nami nikashuka kuchungulia. Nilitarajia mzee mwenye ovaroli. Nikamkuta baba mmoja mwenye nywele zilizotiwa mawimbi saluni, koti la ngozi, jino la dhahabu, na maringo ya bwana harusi. Nikafurahi. Fundi mwenye maringo hawezi kukaa kimya. Ukimwangalia tu, anaanza kufundisha. Kichina changu kilikuwa cha sokoni, lakini neno nililolijua vizuri kuliko yote lilikuwa "shenme", yaani nini. Nikaliweka mdomoni, sikulitoa mpaka alipomaliza kazi.

Alizima mashine kwanza, akafunga bomba la mafuta, akasubiri ipoe huku akijitazama nywele kwenye kioo cha geji. Kisha akafungua mlango wa mbele. Ndani kulikuwa na mianya ambayo moto hupita, na mianya ile imevaa masizi. Akaingiza brashi ndefu, akasugua, masizi yakamwagika ndooni laini kama unga. Akanionyesha kwa vidole: masizi ya unene huu tu, na joto haliyafikii maji tena, linakimbilia juu kwenye bomba la moshi. Akasugua vidole kwa ishara ya pesa, akaelekeza juu angani, akamcheka Mama Laobani. Mama Laobani akamjibu kwa maneno ambayo sikuhitaji kuyajua.

"Shenme?" nikauliza, nikimwonyesha kidude cha shaba alichokuwa anakifungua.

Ilikuwa nozeli, ndogo kama ncha ya kidole, na tundu lake lilikuwa jembamba hata sikuliona mpaka alipoishika kuelekea kwenye mwanga. Alitaka nielewe kwa nini tundu ni dogo vile. Akachukua kikombe chake cha chai, akajaza mdomo, akapuliza hewani, chai ikatoka ukungu. Nikapiga makofi! Ndivyo wapiga pasi wa kwetu wanavyolowesha shati. Kumbe mafuta hayawaki vizuri yakiwa yamelala. Lazima yapulizwe yawe ukungu, kila tone lipate hewa yake. Akabadilisha nozeli, akafunga, akawasha.

Halafu ndipo uhondo ulipoanza. Mlango wa boila ulikuwa na kitundu chenye kioo, akanivuta bega nichungulie. Pembeni kulikuwa na kilango kidogo cha hewa, na skrubu ya kukipanua na kukibana. Alipokibana, moto ukawa mwekundu, mzito, unajikunjakunja na ncha zake zina moshi. Alipokipanua, ukasimama, ukang'aa manjano safi. Akakipanua tena kupita kiasi, ukawa mfupi, mweupe, unapiga kelele. Akabana, akapanua, akabana, mimi nacheka peke yangu kama mtoto aliyepewa swichi ya taa.

Sasa nikataka kujua anajuaje pa kuishia. Akatoa pampu ndogo ya mkono na kipande cha karatasi nyeupe, akachomeka mrija kwenye bomba la moshi, akavuta moshi upite kwenye karatasi. Karatasi ikatoka na doa la kijivu. Akalinganisha na kadi yenye madoa, kutoka jeupe mpaka jeusi. Akapanua skrubu kidogo sana, akavuta tena, doa likafifia. Mama Laobani akapiga kelele kuwa yatosha, hewa nyingi inamlia mafuta, maana joto linapeperushwa nje. Fundi akatia kipimajoto kwenye bomba la moshi kumwonyesha kwamba bado. Wakagombana kwa robo ya mzunguko wa skrubu. Nikajifunza kwamba kazi yote ni kutafuta katikati: hewa ikipungua inachafua, ikizidi inafuja, na katikati yenyewe ni nyembamba.

Kabla hajaondoka alipanda akaligonga bomba la moshi kwenye kiungo, pale linapotokeza chumbani kwetu, akamfokea Mama Laobani. Nilielewa kuwa kiungo kimechakaa. Mama Laobani akapunga mkono, mwakani, mwakani, akaleta karatasi ya fedha, ile ya kufungia vyakula, akakizungushia yeye mwenyewe. Mwisho fundi akanirudisha chini, kwenye tundu la hewa ukutani, upana wa ukurasa wa daftari, linalofunguka uchochoroni. Akavuta pumzi kifua kikafura, akaielekeza boila kwa kidole. Nayo inapumua, ndicho alichokuwa anasema, na inapumulia hapa.

Nilipanda juu nina mambo. Nikaanza kumhadithia wifi, nozeli, moto, karatasi. Alikuwa anatia pindo. Akasema, "Wifi, wewe ungeolewa na mashine," akaendelea na pindo lake.

Magauni yakafika katikati ya Januari, maboksi kwa maboksi, meupe ya kuumiza macho. Furaha haikudumu. Kwa unyevu ule, boksi likikaa siku chache linaanza kunuka, na doa la ukungu kwenye gauni jeupe la komunyo halina dawa, hakuna mama atakayelinunua. Wifi akazunguka nyumba nzima akipapasa kuta. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, chumba cha boila. Akamwendea Mama Laobani kwa ishara, wakaelewana, maboksi yasiiguse mashine. Siku ile mimi nilikuwa sokoni natafuta viatu vya kwenda na magauni, niliporudi nikakuta kila kitu kimepangwa hadi dari, kimefunikwa mashuka. Nikamsifu. Nani asingemsifu?

Baada ya hapo tukaanza kuumwa.

Mimi kichwa kilikuwa kinagonga asubuhi, mdomo mchungu, miguu haina nguvu. Wifi hivyohivyo, na juu yake kutapika. Sasa mwambie Mtanzania kichwa kinauma, viungo vimelegea, na chakula hakikai tumboni. Hamwiti daktari. Ni malaria! Kila mfanyabiashara tuliyemjua alikuwa na dawa za malaria kwenye begi, zimelala pamoja na pasipoti. Nikameza klorokwini nikawashwa mwili mzima, nikajikuna mpaka kwenye nyayo. Wifi alipewa dozi na dada mmoja wa Dodoma aliyesema ndiyo ya wajawazito. Mwingine akathubutu kuuliza mbu yuko wapi na baridi hii. Akazimwa palepale: malaria inakaa mwilini, tumekuja nayo kutoka nyumbani.

Jumapili tulikuwa tunasali pamoja, Watanzania wachache, kwenye ofisi ya mwenzetu mmoja pale Tianxiu. Wifi alikwenda ameshikiliwa mkono. Tukaimba, tukamwombea, na ilipofika saa ya chakula alikula sahani mbili za wali na maharage, akaanza kumkosoa mtu mshono wa suruali. Bwana asifiwe! Watu wakalia. Jumatatu jioni akarudi kulekule, kichwa, kutapika, usingizi. Jumapili iliyofuata akapona tena kwa maombi, Jumatatu akaanguka tena. Dada wa Dodoma akaninong'oneza, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu ameyaonea wivu hayo magauni yenu."

Mimi ni mtu wa sala, sifanyii mzaha. Lakini swali lilianza kunichokonoa na halikunipa nafasi. Malaria gani hii isiyopanda basi? Mimi nikifika sokoni kichwa chepesi, nabishana bei na Wachina wawili kwa mpigo. Nikirudi nyumbani, nikikaa kidogo, kinaanza. Wifi, ambaye kwa kuumwa hatoki, ndiye anayeumwa zaidi, na kwa sababu anaumwa zaidi hatoki kabisa. Alikuwa analala mchana kutwa ameegemea ukuta wake wa joto, dirisha limefungwa, shuka limechomekwa chini ya mlango kuzuia upepo. Nikimwambia tutoke, anasema, "Niache wifi, hapa ndipo napata nafuu."

Zilikuwa siku za kuelekea mwaka mpya wao. Nyumba nzima ilikuwa inafuliwa: mapazia, mablanketi, sakafu, watoto. Boila haikunyamaza. Asubuhi moja nikaamua kuipima malaria ile. Nikatoka mapema, nikasimama barabarani kwenye upepo mpaka kichwa kikatulia. Nikarudi chumbani, nikakaa kitini, nikangoja, wifi amelala amenipa mgongo. Haikuchukua muda. Kichwa kikaanza kugonga kwenye paji la uso, palepale pake. Nikainua macho kwenye kona, kwenye lile bomba la moshi. Karatasi ya fedha ilikuwa imechanika, na ukutani, pale lilipochanika, kulikuwa na ulimi mweusi wa masizi ambao Desemba haukuwepo.

Nikashuka ngazi kuiangalia boila. Sikuwa na hofu bado, nasema kweli. Nilikuwa na hamu ya kujua. Nikainama kwenye kitundu. Kioo kilikuwa cheusi, nikakifuta kwa kiganja. Moto ulikuwa mwekundu, mzito, unajikunjakunja, ncha zina moshi. Ule uleule wa fundi alipobana hewa. Nikatazama skrubu, haijaguswa, alama ya rangi aliyoweka bado iko sawa. Sasa hewa imekwenda wapi? Nikageuka kulitafuta tundu la ukutani, nikakutana na ukuta wa maboksi yetu.

Nikayavuta. Nyuma yake tundu halikuwepo. Palikuwa na mto mdogo wa kitenge, umejazwa vipande vya vitambaa, umeshonwa kwa kipimo cha tundu lile, pembe nne zimekaa sawasawa, na ukingo una mshono wa mkono, laini, wa kuhesabika. Uchochoroni majirani walipikia makaa, na vumbi jeusi lilikuwa linaingilia pale na kuangukia magauni meupe. Wifi aliliona. Hakusema. Alitenda.

Niliuchomoa ule mto, upepo wa uchochoroni ukapita usoni pangu kwa nguvu kuelekea kwenye mashine. Ngurumo ikabadilika. Nikachungulia: moto ulikuwa unasimama, unageuka manjano mbele ya macho yangu. Hapo ndipo hofu iliponifikia, na ilinifikia yote kwa mara moja. Nani kwetu hajasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa ndani, asubuhi mlango ukavunjwa? Jiko letu lilikuwa kubwa tu, na lilikuwa chini, hatukulijua kwa sura.

Nilipanda ngazi nikipiga kelele. Wifi nilimgeuza, nikamwita, nikampiga kofi, kichwa kikaangukia begani. Alikuwa anapumua, lakini alikuwa mbali. Nikavunja kioo cha dirisha kwa kiatu, maana kitasa kilikataa. Mama Laobani akatokea mlangoni na tambara la kudekia, ameshaanza kufoka juu ya dirisha lake. Nikamwonyesha kona. Akaona masizi, akaona kitanda, akalitupa tambara. Kisha mwanamke yule mfupi, mkavu, akainama, akamvuta wifi mgongoni kwake kwa mikono miwili, akashuka naye ngazi bila kusimama, huku akiwapigia kelele wapangaji wote watoke. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika miguu ya wifi isigonge ukuta. Ndani ya teksi nilimtukana Mama Laobani njia nzima, kwa Kiswahili, kwa Kiluguru, kwa kila kilichokuja mdomoni. Kiungo kile! Mwakani, mwakani! Alikuwa amemshika wifi kichwa, anampepea kwa leso.

Hospitali wakamvalisha wifi barakoa ya oksijeni. Jioni akafumbua macho, akatapika, akauliza kama maboksi yamefunikwa. Nikalia mpaka muuguzi akaniletea kiti. Lakini kuhusu mtoto daktari hakuahidi kitu. Alinieleza kupitia mwanafunzi mmoja wa Kitanzania aliyekuwa anasoma palepale, akaja kutukalimania: sumu ile huichukua nafasi ya hewa kwenye damu, na aliye tumboni huibeba zaidi na huchelewa kuitoa. Tungoje kesho.

Asubuhi, wakati tunangoja, nikarudi nyumbani kuchukua nguo, nikamkuta fundi mwenye mawimbi. Safari hii hakuwa na maringo. Alifungua boila, masizi yakamwagika ndoo na nusu, kwa wiki chache tu zile. Akaendelea kuvuta kutoka kwenye bomba la moshi, likawa limeziba kama koo la mtu mwenye mafindofindo. Ndiyo maana moshi ulipokosa njia ya juu uliingia kwetu. Akakata kiungo kilichochakaa, akafunga kipya, akazungusha saruji. Akaweka nozeli mpya, akawasha, akaninyooshea pampu nivute mwenyewe. Nikavuta. Karatasi ya kwanza ilitoka na doa jeusi, akapanua skrubu, ya pili ikawa ya kijivu, akapanua tena, na ya tatu ikawa karibu nyeupe. Akawasha kijiti cha ubani cha Mama Laobani, akakishika karibu na tundu la hewa, moshi wake ukalala kuelekea ndani. Akakishika kwenye kiungo kipya, ukasimama wima. Mama Laobani hakugombania hata robo ya skrubu.

Kisha fundi akaokota ule mto wa kitenge sakafuni, nilipouacha, akauinua kuuliza ni wa nani. Mama Laobani akamnyang'anya. Akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ule mshono, pole pole, upande hadi upande. Akanitazama. Nikatazama chini. Akatoka nao mlangoni, kwenye debe analochomea karatasi za kuwaombea wazee wake waliokufa, akautia kiberiti, akasimama pale mpaka ukaisha. Nikadhani ni hasira.

Mchana tukaenda hospitali pamoja, yeye na mfuko wa machungwa. Daktari alikuwa ameshafika. Akampaka wifi dawa ya baridi tumboni, akaweka kidude chenye spika. Kikakoroma. Akasogeza. Kikakoroma. Wifi alikuwa anatazama dari, mkono wake umenishika mpaka kucha zimeingia, na mimi nilikuwa namwambia Mungu kwamba nitaacha kila kitu, hata kuchungulia. Akasogeza tena, chini kabisa, pembeni. Ikatoka sauti ya haraka, nyembamba, haikati.

"Cherehani," wifi akasema, machozi yanaingia masikioni. "Wifi, sikia, inashona."

Tulicheka, tulilia, Mama Laobani akajifuta kwa kiganja akajifanya anatafuta kisu. Daktari alipoondoka, wifi akaomba nimweleze sasa, yote, kilichotokea ni nini. Nikamweleza. Boila inapumua kama mtu. Nikazungusha vidole kuonyesha tundu lake la kupumulia. Nikaweka ngumi juu ya tundu, hivi, likazibwa, hewa ikaisha, moshi ukageuka sumu ukatuingilia. Wifi alifuata mikono yangu kwa macho. Uso wake ukaanza kukaza, na nikaona nimefika mahali nisipopajua njia.

"Limezibwa," akasema taratibu. "Tundu gani? Limezibwa na nani?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, sikuwa na hata moja. Mimba mbili alizipoteza bila kujua kwa nini, na alikuwa amejilaumu kwa zote mbili. Mama Laobani alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, chungwa mkononi, hajui Kiswahili hata salamu. Lakini aliiona ngumi yangu juu ya tundu, na aliuona uso wa wifi unavyonitazama.

Akaweka chungwa chini. Akafunga ngumi yake, akaiweka juu ya kiganja kilichozungushwa, kama nilivyofanya mimi. Kisha akajipiga kifuani.

"Wo," akasema. Mimi.

Wifi akamkazia macho. Basi lilikuwa tundu jingine, si lile alilolishonea mto. Mtu yule mpole, asiyejua kutukana, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ulitaka kuniulia mwanangu." Akaugeukia ukuta.

Mama Laobani akanitazama, akingoja nimtafsirie. Sikutafsiri. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimetafsiri, akaliokota chungwa lake, akaendelea kulimenya, akipanga vipande kimoja kimoja kwenye kisahani upande ule ambao wifi amegeuzia mgongo.